Nyama ya Mkamwana

Juzi nilikuwa harusini, upande wa wapishi kama kawaida yangu, maana mimi ukiniweka meza ya wageni nasinzia. Mama mmoja akachukua jani la mgomba akalipitisha juu ya moto ili lilegee, apate kufungia nyama. Jani likageuka rangi, likatoa ule mvuke wake unaonuka ubichi na moshi, na mimi nikajikuta nimeweka kisu chini. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nilipoweza kurudi. Wenzangu walidhani ni vitunguu. Niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na ataielewa zaidi mtu wa rika langu, aliyelelewa na wazee ambao hawakuwa na desturi ya kusema wanaumwa.

Tulikaa Nyakatuntu, kule Kyerwa, ndani ya kibanja cha Babu, mzazi wa baba yangu, yaani shamba lake la migomba na kahawa. Nyumba zilikuwa mbili. Ya Babu ilikuwa ya zamani, sakafu yake imetandikwa nyasi ambazo zilibadilishwa zilipoanza kunuka vumbi. Yetu ya matofali ilikuwa upande wa chini, na katikati ilipita njia nyembamba kati ya mibuni na migomba. Bibi alishafariki kabla sijapata akili. Baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani tulimwona mwisho wa mwezi, akija na soda na mkate kama mgeni. Kwa hiyo waliobaki kibanjani ni Babu na Mama, na mimi kati yao.

Nasema kati yao, na ndivyo ilivyokuwa. Katika ukoo wetu mkamwana na baba mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, mkamwana haingii chumba alichomo baba mkwe, na kumwona akitafuna ni aibu kwa wote wawili. Wakikutana njiani mwanamke anapisha kando na kuinamisha macho. Majirani wengi walikuwa wameshalegeza mambo hayo, wengine walikula meza moja na wakwe zao na kutaniana. Babu hakulegeza. Na Mama, ambaye kwao ni Kihanga, kwa watu wanaojisifia adabu kupita kiasi, hakutaka yeye ndiye aonekane ameanza kuvunja. Salamu zao zilipita kwangu. Mama angesimama mlangoni kwetu aseme nikamwambie Babu shikamoo, nami ningepanda mbio kumwambia, na kushuka mbio na marahaba. Mara nyingine walisimama karibu kiasi cha kusikiana vizuri kabisa, lakini bado nilienda na kurudi nikirudia maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia. Nilijiona mtu muhimu sana.

Maongezi yao ya kweli yalikuwa chakula, na hasa nyama ya siku ya gulio. Nilisimuliwa kwamba Mama alipoletwa kama bibi harusi, wanawake wa ukoo walimpa pande la paja la ng'ombe aoke, wapate kumwona kama anajua kupika. Ulikuwa mtego. Ng'ombe wetu ni wale wa pembe ndefu, wanaolala na kuamka na nyasi za rweya, yale malisho ya wazi nje ya vijiji, wanapanda vilima kutwa nzima. Nyama yao ni nyekundu iliyokolea, mafuta yake manjano, utamu wake hausemeki, lakini ukiifanyia haraka inakukomoa. Mama aliioka, ikapelekwa kwa Babu, na Babu, mtu aliyechunga ng'ombe tangu utoto na kuidharau nyama ya ng'ombe wa kulishwa pumba, akamtuma mtu arudi kusema kwamba nyama ile aliikata kwa ulimi. Kuanzia siku hiyo Mama hakuogopa mtu kwenye ule ukoo. Kila siku ya gulio alioka, na kila siku ya gulio sahani ilirudi na neno. Babu hakumwambia Mama jambo jingine lolote zuri, na Mama hakulihitaji.

Upishi wenyewe naujua hata nikiwa usingizini. Usiku wa kuamkia gulio alikuwa ameshaweka maziwa yagande. Nyama ikifika aliifuta, akaichoma choma kwa ncha ya kisu, akaisugua chumvi na kitunguu saumu, akailaza kwenye maziwa mgando mpaka jua lianze kushuka. Halafu aliipaka samli, akaikaanga pande zote kwenye sufuria zito mpaka ishike rangi, akaifunga kwa majani ya mgomba aliyoyalegeza motoni, akairudisha sufuriani na maji kidogo sana. Chini aliweka makaa machache ya visiki vya mibuni mizee, na juu ya mfuniko akapalia mengine. Baada ya hapo hukuruhusiwa kugusa. Alikaa pale na kigoda chake akichambua maharage, na akisikia sufuria linachemka kwa kelele alipunguza makaa. Ikiiva aliiacha ipumzike ndani ya majani yake, kisha akaikata kukingama nyuzi zake. Mimi nilipewa kilichobaki kwenye kisu.

Siku moja sahani ilirudi na nyama karibu yote. Babu alisema nikamwambie kwamba leo ni ngumu.

Nilimwambia Mama hivyo hivyo, bila kupunguza, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kufikisha. Alichukua kipande akatafuna. Akatafuna kingine. Akasema labda mzee hana hamu, na kazi zikaendelea. Gulio lililofuata ikawa vilevile. Ndipo akaanza kumlaumu muuza nyama, kwamba amechinja ng'ombe mzee, akaenda kwa muuzaji mwingine. Ikarudi ngumu. Akatia papai bichi lililokunwa. Akaongeza muda wa maziwa. Akajaribu magadi, ambayo hakuyapenda kwa sababu yanaharibu ladha. Ilifika mahali nyama ilikuwa inaachana yenyewe ukiigusa kwa kijiko, na mimi niliyekuwa naionja jikoni nilishangaa inakuwaje Babu aseme ngumu. Kila mara ilikuwa ngumu.

Mimi nilikuwa namwona Babu akila, kwa hiyo nilikuwa na ushahidi. Alitafuna muda mrefu sana, kuliko mtu anayetafuna muwa. Akimeza alifumba macho, akapiga kifua kwa ngumi polepole, akanywa maji, akasikiliza kitu tumboni mwake. Mara nyingine aligeukia ukutani akatema kwenye jani na kulikunja. Kwa akili yangu ya kitoto hesabu ilikuwa rahisi: nyama iliondoka jikoni laini, ikafika kwa Babu ngumu, basi inagandia njiani. Karagwe na Kyerwa jioni huwa na ubaridi, na pale kati ya mibuni palikuwa na upepo. Nikaanza kuifunika sahani kwa sweta langu na kukimbia nayo nimeikumbatia kifuani. Niliungua mkono, mchuzi ulimwagikia gauni la shule, nikachapwa kwa ajili ya gauni. Sikumwambia mtu sababu. Nilitaka siku Babu akisema ni laini, Mama ashangae.

Mama alizidi kunyong'onyea. Alikuwa mtu wa kuimba nyimbo za kwaya akifanya kazi, akaacha. Siku moja niliporudi na sahani alikaa jikoni akainamia makaa, na nikaona mashavu yamelowa. Alisema ni moshi. Makaa ya mibuni hayana moshi, hata mimi nilijua.

Jioni ya gulio lililofuata nilipofika kwa Babu nilimweleza, bila kutumwa na mtu, kwamba Mama analia kwa sababu ya nyama. Babu alikuwa ameshika kipande mkononi. Alikirudisha kwenye sahani. Alikaa hivyo mpaka mchuzi ukaanza kuganda pembeni, nikahofia ugumu umeshaingia. Kisha akanisogezea sahani.

"Kula, mwana wange," alisema. "Kula yote. Ukishuka mwambie leo imelainika."

Nilikula. Sikujiuliza. Mtoto aliyezoea mabaki ya kisu akipewa sahani nzima ya nyama ya paja hajiulizi. Babu aliniangalia nikila, akanusa mvuke wa yale majani, akatabasamu kidogo. Nilifikiri amefurahi kwa sababu mimi ndiye mjukuu anayempenda kuliko wote, jambo ambalo nilikuwa nalishuku siku nyingi. Nilishuka na sahani tupu nikasema imelainika, na Mama akaishika ile sahani, akaigeuza, akaiangalia hata chini. Jioni ile aliimba mpaka wakati wa kulala. Mimi nikiwa kitandani nilijipongeza. Niliamini ni zile mbio zangu.

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Gulio baada ya gulio nilipanda na sahani, Babu alinusa, mimi nilikula, nilishuka na neno. Hata ndizi za siku nyingine niliishia kuzila mimi. Nilinenepa. Babu alikuwa anapungua. Suruali yake aliifunga kwa kamba juu ya mkanda, na kola ya shati ilisimama mbali na shingo. Aliacha kwenda kanisani, akisema magoti. Aliacha kuketi nje. Sauti yake ikawa ya kukwaruza, na vitu alivyomeza vikawa maziwa, kisha uji, kisha uji mwepesi ambao alinituma nimwombe Mama kwa kisingizio cha kiu. Niliona yote hayo, na sikuona kitu. Nilidhani wazee husinyaa, kama shati linalofuliwa sana. Na Mama, ambaye angetambua kwa kumtupia jicho mara moja, hakuwa na ruhusa ya kumtupia jicho. Alichokuwa nacho ni sahani, na sahani ilisema mzee anakula vizuri.

Shangazi ndiye aliyekuja kuvuruga. Aliolewa Songambele, na huja kwetu akiwa na kuku mmoja na maneno mengi. Yeye ni binti wa Babu, aliingia ndani bila kizuizi. Alitoka mapema kuliko kawaida yake, akashuka mpaka jikoni kwetu hata bila kusalimia. Ilikuwa siku ya gulio, mimi ndio kwanza nimeshuka na sahani, tulipishana mlangoni kwa Babu. Alimwuliza Mama baba yake amemfanyia kosa gani. Alisema mzee amebaki mifupa, kwamba mwanamke anayepewa kibanja chote hiki na kahawa yake anashindwa kumlisha mtu mmoja. Alisema mengine ambayo sitayaandika.

Mama alisema sahani inarudi tupu kila mara, na leo pia imerudi tupu, amwulize mtoto aliyeibeba. Wote wawili wakanigeukia.

Nilisimama hapo na sahani mkononi, na kidevu changu kilikuwa kinang'aa mafuta.

Mama aliniangalia. Nakumbuka aliinama, akachukua pindo la kanga yake, akanifuta kidevu na mdomo taratibu, huku mgongo wake umemziba Shangazi asione. Aliposimama alikuwa mtu mwingine. Alimwambia Shangazi kwamba kweli, kosa ni lake, alikuwa hajaangalia vizuri, na kwamba anampigia Baba simu sasa hivi. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na akakosa pa kuushika. Mama alipanda kwenye mwinuko, mahali pekee ambako mtandao ulipatikana, na nikamwona kwa mbali akiongea, mkono mmoja sikioni, mwingine umeshika kichwa.

Baba alikuja na gari dogo la kukodi. Babu alitolewa amefunikwa blanketi, na Mama alisimama nyuma ya jiko mpaka gari lilipoondoka, kwa kuwa hata hapo hakutakiwa kumwona amebebwa. Walikaa hospitali siku kadhaa. Nilimwomba Mungu awape madaktari dawa ya kulainisha, kwa sababu bado nilikuwa na mawazo yale. Waliporudi Baba alimlaza mzee, kisha akaja kukaa kwenye kigoda cha Mama jikoni, mtu mrefu magoti yakigusa kidevu, na nikasikia yote maana hakuna aliyenikumbuka. Ni kansa ya koo. Njia ya chakula imeziba karibu yote. Ilikuwa inaziba muda mrefu. Wamesema tumrudishe nyumbani.

Mama aliuliza wamesema ale nini.

"Anachoweza," alisema Baba, akafunika uso kwa mikono.

Mimi nilitoka nikaenda kukaa chini ya mibuni. Nilikuwa nimeelewa, siyo kila kitu, lakini nilielewa kwamba hapakuwa na upepo wowote pale njiani. Mzee alikuwa na njaa. Kwa muda wote ule alikuwa na njaa, akinusa, huku mimi nikila mbele yake. Na hakusema, kwa sababu mtu wa kuambiwa alikuwa mkamwana, na baba mkwe hamwelezi mkamwana habari za koo lake. Kusema nyama ni ngumu ndiyo njia pekee ya heshima aliyokuwa nayo. Alipojua inamliza, akaiacha hata hiyo. Mpaka leo nikiifikiria desturi ile sijui niichukie au niionee huruma. Ilikuwa adabu, na walikuwa wanapendana ndani yake, na ilituziba macho sote.

Siku ya gulio ilipofika niliamini hapatakuwa na nyama. Baba alikuwa ameshaondoka na lori. Mama alitoka asubuhi na kikapu na akarudi na pande la paja, jekundu, mafuta manjano. Alifanya kila kitu: maziwa, chumvi, samli, majani juu ya moto. Nilikaa karibu naye nikimwangalia akipalia makaa, na hasira ikanipanda, hasira ya mtoto ambaye amejua jambo na anaona watu wazima wanafanya kana kwamba hawajui. Nikamwuliza kwa nini anapika na Babu hawezi kumeza.

Hakugeuka. "Sahani isipokwenda," alisema, "atajua tumeshamzika."

Ilipoiva aliiacha ipumzike. Kisha akaikata. Alikuwa akikata vipande vinene vya kiume, siku zote. Siku ile alikata vidogo, akapima kimoja kwa jicho, akaniangalia mdomo, akakikata tena katikati. Ndivyo nilivyoambiwa kwamba anajua mlaji ni nani. Alipanga vipande vile kwenye sahani ya Babu, akamwagia mchuzi, akafunika, akanikabidhi kwa mikono miwili kama ambavyo angemkabidhi yeye.

Babu alikuwa amelala ubavu, uso kuelekea mlangoni. Alionekana ametusubiri, mimi na sahani. Nilimsalimia shikamoo ya Mama na yangu, akaitikia zote mbili kwa midomo. Nilipofunua sahani alifumba macho, akavuta pumzi, mvuke ukampanda usoni. Kisha akainua vidole, akanionyesha nile.

Nilitia kipande mdomoni. Kilikuwa laini kuliko vyote alivyowahi kupika, kilivunjika bila meno. Nikakitafuna, nikakitafuna tena, nikajaribu kukimeza na koo langu likakataa. Hakikushuka. Mdomo ulikuwa umejaa, machozi yananitoka, na sikuthubutu kutema mbele ya mtu ambaye angetoa chochote apate kumeza kile. Babu alikuwa ananiangalia. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kunielewa vizuri kama alivyonielewa dakika ile. Alinyoosha mkono, ambao haukuwa na uzito, akauweka gotini kwangu.

"Meza, mwana wange," alisema, na ilibidi niiname kumsikia. "Meza. Mama yako anasubiri sahani."

Nikameza. Nikala kipande kingine, na kingine, yeye akinihesabia kwa macho, mpaka sahani ikaisha. Nikashuka nayo. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu, pale pale alipozoea kusimama, akauliza amesemaje. Nikasema amesema ni laini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Aliishika ile sahani tupu kifuani, akasema, "Rudi ukamwambie nimefurahi." Nikarudi, nikamwambia.